Kwenu Mnaotibu Meno ya Watoto: Yatunzeni Masikio Yenu

Wanangu madaktari wa meno ya watoto, pamoja na wasaidizi wenu,

Nawasalimu kwa upendo. Kazi hii nimeifanya hadi kichwa kimejaa mvi, na naona kiungo kimoja kimesahauliwa. Macho mnayakinga kwa miwani, pua na kinywa kwa barakoa, mikono kwa glavu. Masikio yanabaki wazi asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka.

Mkitaja kelele, mnataja drili. Ni kweli: tangu John Borden alipotoa drili yake ya hewa, Airotor, mwaka 1957, tunafanya kazi na vyombo vinavyozunguka mara laki kadhaa kwa dakika, na mlio wake ni mwembamba na mkali. Ongezeni mashine ya kukwangua ukoga na ile ya kufyonza mate. Lakini anayetibu watoto ana kelele nyingine ambayo wenzake wa watu wazima hawaijui, nayo mara nyingi huishinda drili: kilio cha mtoto mwenye hofu, kinachotokea shubiri mbili tu kutoka sikioni mwenu. Kilio hicho kinaweza kupita desibeli 100, desibeli zikiwa ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti.

Tafadhali tulieni hapa kidogo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mfanyakazi asipate zaidi ya wastani wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15 kwa siku nzima. Mtoto halii mfululizo, najua. Lakini dakika za huyu hujumlishwa na za yule wa baada yake, na juu yake drili.

Kinachoumia ni seli ndogo zenye vinyweleo ndani kabisa ya sikio. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Madhara huanzia kwenye sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na ndiyo maana mtu hajitambui: ngurumo anazisikia, watu wakizungumza anawasikia, ila maneno hayashiki. Herufi kama s, f na th zinampotea. Sasa fikirini sauti ya mtoto ilivyo nyembamba, tena akisema "inauma" kwa kunong'ona, mdomo umejaa pamba. Sauti mtakayoanza kuikosa ni ya mgonjwa wenu mwenyewe.

Najua kinachowazuia. Mnaona haya kuziba masikio mbele ya mtoto anayelia na mzazi anayetazama, msije mkaonekana hamtaki kumsikia. Huruma hiyo ni nzuri na sitaki muipoteze. Basi msitumie vizibo vya sponji, ambavyo hukata zaidi sauti nyembamba na kuacha maneno yakisikika kama mvumo. Tafuteni vizibo vyenye kichujio, vya aina wanayotumia wanamuziki. Hivyo hupunguza sauti zote kwa kadiri moja, na mazungumzo yanabaki wazi. Mwelezeni mzazi kwa sentensi moja kabla hamjaanza. Ataelewa.

Na kilio chenyewe kipunguzeni kwenye chanzo. Subirini ganzi ishike sawasawa, hata kama foleni ni ndefu. Mwonyesheni mtoto kila chombo, mwambieni kitafanya nini, ndipo mkitumie. Kama jino linaweza kungoja, mtoto aliyeshikwa na hofu arudi siku nyingine. Haya mlifundishwa kwa ajili yake. Mjue yanawafaa na ninyi. Msipange watoto wagumu mmoja baada ya mwingine asubuhi nzima. Drili iliyobadilika mlio ipelekeni kwa fundi, na kompresa, mashine inayosukuma hewa ya drili, ikae nje ya chumba.

Pimeni usikivu mnapoanza kazi, kisha kila mwaka, tena kabla ya zamu, masikio yakiwa yamepumzika usiku kucha. Mkitoka kazini masikio yanavuma au yamezibika, halafu asubuhi mkaamka salama, msidhani yamepona kabisa. Vipindi hivyo vikirudiarudia, kuna siku hayatarudi yalivyokuwa.

Wenye kliniki, nina ombi moja. Mnapomnunulia daktari vizibo na kumlipia kipimo, msimwache msaidizi wake. Yeye ndiye anayeshika mpira wa kufyonza mate, ameinama juu ya kinywa kilekile, na daktari akitoka kuandika faili, yeye hubaki kumbembeleza mtoto.

Ni mimi, mzee wenu katika kazi hii.