Dada wa pale kwenye mizani, asante

Dada yangu, hata jina sikukuuliza. Ulinikuta juu ya mizani, wiki ya tatu ya mazoezi, mshale umegoma palepale, machozi yananilengalenga. Hukunihubiria. Ulinieleza tu kwamba mwili hubeba maji, leo uzito unapanda, kesho unashuka, hivyo nijipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Na kwamba kupungua nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki ni mwendo mzuri. (Mimi nilitaka 5!) Ukaniambia pia nipime kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Basi mizani iliendelea kuninunia, lakini mkanda nimeshausogeza matundu mawili. Asante sana, dada. Bado natembea kila jioni.