Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Mto Semliki, Barafu na Mpaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye maonyesho yetu, ambayo mwaka huu yanahusu mto mmoja tu: Semliki, ulioko Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mheshimiwa, sehemu ya maji ya mto huu hutoka kwenye barafu ya Milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Maji ya upande wa magharibi hushuka kwa mto Butawu na kuingia Semliki moja kwa moja. Yale ya mashariki huuzunguka mlima: hupita mto Mubuku, Ziwa George, Mfereji wa Kazinga na Ziwa Edward, kisha hutokea Ishango, ndani ya Kongo, ambako Semliki huanza safari ya kwenda Ziwa Albert na hatimaye Nile. Barafu hiyo ilizidi kilomita za mraba 6 mwaka 1906. Kufikia 2003 ilibaki takriban moja. Hata hivyo hatukubaliani na wanaosema kwamba ikiisha mto utakauka, kwa kuwa maji yake mengi ni ya mvua.

Lililotushughulisha zaidi ni mpaka. Baada ya kupokea mto Lamia, Semliki wenyewe ndio mpaka wa nchi hizo, kwa makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1915. Lakini mto wa tambarare hautulii mahali pamoja. Kwenye kielelezo chetu cha mchanga utaona maji yakimega ukingo wa nje wa kona na kulundika mchanga ukingo wa ndani, hadi kona inapokatika na kubaki dimbwi lililojitenga. Ukingo wa Uganda, uliopungukiwa uoto kwa malisho ya ng'ombe, umemomonyoka sana, na mfugaji anaweza kuamka akakuta malisho yake yako ng'ambo.

Changamoto yetu ni ramani. Atlasi tuliyo nayo huuonyesha mpaka huo kwa mstari mnene unaofunika kona zote. Tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata ramani za kipimo cha 1:50,000, tukianza na za mito ya mpakani mwa nchi yetu.

Tunaomba kuwasilisha.