YAH: Malalamiko kuhusu rimu na matairi mliyofunga kwenye gari langu

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita duka lenu lilinifungia rimu za inchi 16 na matairi ya 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta wa tairi asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 16) kwenye Toyota Vitz yangu, modeli KSP130. Rimu na matairi yangu mkayachukua kama sehemu ya malipo. Fundi wenu alinihakikishia kwamba kitakachobadilika ni muonekano tu.

Kibandiko cha kiwandani kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mlango ambao fundi aliufungua na kuufunga. Kimeandikwa 165/70R14. Tairi hilo lina kipenyo cha milimita 587 hivi; mliloniwekea lina 632. Limezidi kwa karibu asilimia 8.

Kwenye gari lenye injini kubwa pengine ningenyamaza. Hii ni injini ndogo ya 1KR, pistoni tatu, cc 996. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko wa ekseli unapaswa kusukuma gari mbali zaidi, kwa hiyo nguvu inayofika chini inapungua. Hapo bado uzito wa rimu zenyewe, ambao injini inauanza upya kila ninapoachia breki kwenye foleni. Mlima Kitonga nimeupanda na familia injini ikilia, mwendo wetu na wa malori ni mmoja.

Halafu kuna tochi za trafiki za kupima spidi. Mshale wa spidi unahesabu mizunguko tu, haujui kama tairi limebadilishwa. Nikisoma 50 pale kijijini, kwa hesabu hiyo gari linakaribia 54. Faini mtanilipia nyinyi? Kilomita nazo zinasomeka pungufu, hivyo kwenye hesabu ya mafuta niliziongezea kwanza, nisije nikawasingizia. Bado gari linakunywa kuliko zamani.

Linalonitisha hasa ni tairi la mbele kushoto. Usukani ukikatwa wote na abiria wakiwemo, linakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Plastiki imelika mpaka inang'aa, na unga mweusi wa mpira umejikusanya ukingoni. Nilipowarudishia gari, ushauri wenu ukawa plastiki ikatwe na ziwekwe spesa, vile vipande vya kusogeza rimu nje. Yaani gari ndilo lilifuate tairi!

Kama lazima ilikuwa inchi 16, lipo 195/45R16, kipenyo chake 582. Spidi isingepotoka kiasi hiki. Ingawa kwa mashimo ya mtaani kwetu, ukuta wa tairi mwembamba namna hiyo nisingeutaka hata kwa zawadi.

Ninachodai ni rimu zangu za inchi 14, au nyingine za kipimo hicho, zikiwa na matairi ya 165/70R14 yaliyo salama. Chukueni hizi zenu, mnirudishie fedha niliyoongeza, na plastiki ya madigadi mbadilishe kwa gharama yenu. Msimamizi wa tawi ananiambia zangu zimeshauzwa. Mliziuza nyinyi, basi kuzitafuta ni kazi yenu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, risiti na picha nitazipeleka Tume ya Ushindani.

Wako,
Mwenye Vitz nyeupe