Kabla ya kuichana pakiti ya ORS, tafuta chombo cha lita moja

Ndugu Mhariri,

Masika yakikolea, vyoo vya shimo hufurika, maji ya juu hutiririkia visimani, na kila asubuhi benchi za kliniki hujaa watoto wanaoharisha. Wengi wao wameshanyweshwa ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kumrudishia anayeharisha maji na chumvi alizopoteza, nyumbani kabla ya kuletwa. Dawa ni sahihi na mzazi amefanya alichoambiwa, ila hakuna aliyemwonyesha chombo cha kupimia. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tulieleze jambo hilo kwa kirefu, maana ndilo linaloharibu kazi ya dawa hii kuliko jingine lolote.

Pakiti iliyozoeleka ina unga wa gramu 20.5: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitrati ya sodiamu 2.9 na kloridi ya potasiamu 1.5. Hesabu hiyo imepangwa kwa lita 1 ya maji. Zipo pia pakiti ndogo za mililita 500 na za mililita 200, kwa hiyo soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchana. Sasa tazama chupa zilizopo nyumbani. Chupa kubwa ya maji ya dukani mara nyingi ni ya lita 1.5, ukiijaza na kutia pakiti moja, dawa imepungua nguvu kwa theluthi moja na mtoto anakunywa bila kurudishiwa chumvi inayomtosha. Chupa ndogo ni ya mililita 500. Ukitia humo pakiti ya lita moja, chumvi imekuwa maradufu. Kosa hili la pili ndilo la hatari zaidi. Chumvi ikizidi kwenye damu huvuta maji kutoka katika seli za mwili, ubongo ukiwemo. Mtoto anazidi kiu, anakosa utulivu, na anaweza kushikwa na degedege ambalo nyumbani litadhaniwa ni la homa.

Kugawa unga nusu kwa macho nako hakufai. Chumvi na glukosi hazikukaa sawasawa ndani ya pakiti, hivyo nusu ya leo inaweza kubeba chumvi nyingi na ya kesho sukari tupu. Changanya pakiti yote kwa mara moja, hata kama mtoto ni wa miezi minne na unajua hatamaliza.

Njia rahisi ni chupa mbili za nusu lita zilizoandikwa 500 ml, si 600. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, jaza chupa zote mbili, kisha yamimine kwenye jagi safi lenye kifuniko. Hapo ndipo utie unga na kukoroga mpaka usione chembe. Usiyachemshe tena baada ya kuchanganya, na usiongeze sukari, ndimu, juisi wala soda. Onja: ladha yake iwe kama ya machozi. Ikizidi hapo, mwaga uchanganye upya. Andika saa uliyochanganya, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe, kwa kuwa maji yenye sukari ni makazi mazuri ya vijidudu.

Ukijua dawa hii inavyofanya kazi, utaona kwa nini vipimo vinabanwa hivyo. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijia vinavyopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na zikipita, maji huzifuata. Vijia hivyo huendelea kufanya kazi hata mtoto anapoharisha maji matupu. Sukari ikiwa nyingi kupita kiasi, kama ilivyo kwenye soda na juisi za pakiti, mambo hugeuka: maji hutoka mwilini kuingia kwenye utumbo na kuhara kunaongezeka. Madafu yana potasiamu nzuri lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo mpe mtoto kama nyongeza, ORS ibaki palepale.

Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 au zaidi mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kikombe na kijiko. Chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha, na mtoto mwenye kiu huifyonza haraka akatapika. Akitapika, wazazi wengi husema dawa imekataa, wakaacha. Subiri dakika 10, kisha anza tena taratibu, kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Kijiko hicho hubeba mililita 5, kwa hiyo ndani ya saa moja utakuwa umempa kati ya mililita 150 na 300 pasipo kumjaza tumbo. Inachosha mkono, tena sana, na ndiyo maana ni vizuri baba, bibi na dada wapokezane. Mwaka 1971, kipindupindu kilipoingia kambi za wakimbizi za Bongaon, India, na dripu zikawa haba, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na glukosi zichanganywe kwenye mapipa, na ndugu za wagonjwa ndio waliowanywesha kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Walionyweshwa na ndugu zao walipona, na hata leo mama mwenye kijiko anaiweza kazi hii.

Pakiti ikikosekana usiku, lita 1 ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu, vitavusha mpaka asubuhi. Mchanganyiko huo hauna potasiamu, hivyo tafuta pakiti mara duka litakapofunguliwa.

Ziwa la mama lisikatizwe hata kidogo. Anyonyeshwe mara nyingi kuliko kawaida. Usemi kwamba tumbo lipumzishwe umedhoofisha watoto wengi. Mtoto aliyeanza kula apewe uji, mtori, viazi vilivyopondwa, samaki aliyechambuliwa, kidogo kidogo kila baada ya saa tatu au nne, na aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili baada ya kupona.

Vidonge vya zinki vimependekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF tangu 2004 viende pamoja na ORS, lakini bado wazazi wengi hutoka dukani bila kupewa. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku, ambayo ni nusu ya kidonge cha 20. Wa miezi 6 na kuendelea hupewa kidonge kizima. Kiyeyushe kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Akikitapika kabla ya nusu saa, mrudishie dozi. Dawa hii hutumika kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, kwa sababu inaendelea kujenga ukuta wa utumbo na kumkinga mtoto kwa miezi miwili mitatu ijayo. Vidonge vinavyobaki kabatini ni kinga iliyoachwa njiani.

Badala ya zinki, mzazi huuziwa metronidazoli au antibayotiki nyingine. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo husababishwa na virusi, na dawa hizo hazivigusi. Dawa za kufunga tumbo, kama loperamidi, ni marufuku kwa mtoto mdogo: zinaweza kuusimamisha utumbo, tumbo likavimba huku maji yakiendelea kupotea ndani kwa ndani.

Kuna jambo ambalo linatuumiza kuliko yote, nalo ni kung'olewa kwa kile kinachoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto wa miezi mitano au sita anaharisha, ana homa, fizi zimetuna na kuwa nyeupe, na jirani anashauri apelekwe kwa fundi. Kinachochimbuliwa pale, kwa spoku ya baiskeli au kwa kucha, ni vichipukizi vya chonge za utotoni. Mtoto anaharisha umri huo kwa kuwa ameanza kula, anatia kila kitu mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Jeraha la fizi humletea kutoka damu, maambukizi, hata pepopunda, na chonge za ukubwani zinaweza kuota vibaya au zisiote kabisa. Utosi uliobonyea nao ni dalili ya kupungukiwa maji. Dawa ya kupaka juu yake haimfikishii mtoto tone.

Mpeleke hospitali bila kusubiri mtoto wa chini ya miezi 2, au yeyote aliyelegea na haamki vizuri, asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye damu kwenye choo, au asiyekojoa kwa saa 6. Finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kisha achia. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hali ni mbaya. Kama bado anaweza kumeza, njiani aendelee kupewa ORS kwa kijiko. Kuhara kunakofanana na maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu, na kunakozidi siku 14 kunahitaji uchunguzi.

Matone ya chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, hutolewa wiki ya 6 na ya 10, na yakichelewa sana hayatolewi tena, kwa hiyo tarehe ya kadi iheshimiwe.

Wenye maduka ya dawa tunawaomba wauze pakiti mbili za ORS pamoja na vidonge 10 vya zinki, na wamuulize mnunuzi ana chombo gani cha kupimia. Kwako, Mhariri, kila litakapochapwa tangazo la kipindupindu, tunaomba uongeze mstari mmoja chini yake: pakiti ya gramu 20.5, chupa mbili za nusu lita.

Wauguzi wa watoto,
Tanga