Vikapu vitatu, duka moja

Habari za asubuhi wandugu. Jana nimepitia kurasa zetu za mtandaoni za wauza machungwa wa Muheza, nikakuta aikoni, yaani vichoro vidogo, za vikapu vitatu tofauti: kimoja cheusi tii, kimoja kimenona, kimoja kimekatika mkono. Jamani! Kijenzi cha aikoni, kile kipande cha msimbo kinachozichora kila mahali, kipo; tukitumie hicho hicho.

Andika jina la aikoni na ukubwa, basi: pikseli 16 kando ya maandishi madogo, 24 kwenye vitufe. Rangi usiibandike ndani ya faili la SVG, lile lenye mchoro wenyewe. Weka fill="currentColor", nayo itafuata rangi ya maandishi; maandishi ya kitufe yakigeuka mekundu, aikoni inageuka bila kuguswa. Kile kikapu cheusi kilikuwa na #000, yaani rangi nyeusi, ndani, ndiyo maana mtu akiweka mandhari ya giza hakionekani kabisa.

Wasioona tusiwasahau. Aikoni iliyo pembeni ya neno "Kikapu" ipe aria-hidden="true", ili programu inayowasomea skrini iiruke. Kitufe chenye aikoni peke yake kipewe aria-label, jina ambalo programu hiyo italisoma, kwa Kiswahili tafadhali, mfano: "Futa".

Mchoro mpya uwe ndani ya viewBox="0 0 24 24", yaani fremu ya mchoro, uache nafasi pembeni. Kile cha mkono kukatika kilipitiliza fremu. Njooni na michoro yenu Jumamosi pale pale Ngamiani, Tanga. Kahawa nalipa mimi, kashata kila mtu na yake.