Mwisho wa Juma Mji Mkongwe kwa Msafiri Anayetoka Dodoma: Hesabu ya Muda Kwanza

Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwezi Julai 2024, maombi ya safari fupi za Zanzibar yanayofika ofisini kwetu yamekuwa na sura moja. Mteja anataka kuondoka Ijumaa baada ya kazi na kurejea Jumapili usiku, na katikati ya hapo auone Mji Mkongwe, alale Nungwi kwenye fukwe za kaskazini, awatazame kobe wa kisiwa cha Changuu, apite kwenye mashamba ya viungo na, ikiwezekana, apige picha za kima punju wa Jozani. Hakuna kibaya katika orodha hiyo. Ubaya ni kwamba haiingii katika muda uliopo, na tunaona ni haki mteja alijue hilo kabla ya kulipa kuliko kuligundua akiwa amekaa ndani ya gari siku nzima.

Treni hutumia takriban saa tatu na nusu hadi nne kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kutegemea ni ya haraka au ya kawaida, na boti za kasi huvuka hadi Zanzibar kwa muda wa saa mbili hivi. Ukizijumlisha saa hizo kwenye karatasi, safari inaonekana kama ya nusu siku. Hata hivyo boti za kasi za mwisho huondoka Dar es Salaam alasiri, kwa hiyo anayepanda treni ya Ijumaa jioni hana budi kulala Dar es Salaam na kuvuka Jumamosi asubuhi. Wakati wa kurudi, anayetaka treni ya Jumapili jioni hulazimika kupanda boti ya mchana, maana kuiacha nafasi finyu kati ya boti na treni ni kuomba balaa, hasa miezi ya upepo wa kusi ambapo bahari huchafuka na boti huweza kuchelewa. Kinachobaki mkononi, baada ya hesabu hiyo, ni Jumamosi moja kamili na asubuhi ya Jumapili. Heri yake ni kwamba stesheni ya treni na gati ya boti jijini Dar es Salaam haziko mbali, na bajaji hukufikisha upesi, foleni ikiruhusu.

Kwa muda huo ushauri wetu hauna kona: baki Mji Mkongwe. Fukwe za kaskazini zinahitaji angalau siku mbili zake, na anayeweza kuomba ruhusa ya Jumatatu tutampangia kwa furaha. Asiyeweza atafaidi zaidi akiutembea mji mmoja kwa miguu hadi ukamkaa kichwani. Tunajua kwamba wapo wanaouza ziara ya kisiwa kizima kwa siku moja, sisi hatuiuzi.

Kwa mtu wa Dodoma ipo sababu nyingine, nayo ndiyo inayotufanya tuipende safari hii. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa sehemu kubwa na utajiri uliopita katika nchi yetu hii ya kati. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikaikata Ugogo, na viongozi wa Kigogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa ajili ya njia na maji, kwa kuwa katika ukame huu mwenye kisima ndiye aliyekuwa mwenye kauli. Pembe za ndovu na watu waliotekwa waliteremshwa pwani kwa njia hizohizo, na wengi wakavushwa hadi Unguja. Kwa hiyo ukisimama mbele ya mlango wa nyumba ya Tippu Tip, kule Shangani, kumbuka kwamba mfanyabiashara huyo wa pembe na watumwa aliyefariki mwaka 1905 aliijua njia ya Ugogo vizuri. Nyumba hiyo ni makazi ya watu, na inatosha kuutazama mlango kwa nje.

Ndiyo maana ratiba yetu huanzia Mkunazini, baada ya kuacha mizigo na kupita Soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na ujenzi wa kanisa kuu la Anglikana ukaanza mahali hapohapo mwaka huohuo chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu. Madhabahu inaelezwa kuwa imewekwa pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Ndani upo msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone ulizikwa. Mwili wake ulibebwa na wahudumu wake, akina Susi na Chuma, hadi pwani kupitia Tabora, ukafika Bagamoyo mwaka 1874. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watumwa waliofungwa mnyororo shingoni. Tunapanga mahali hapa Jumamosi kwa makusudi, kwa kuwa Jumapili asubuhi ni wakati wa ibada, na tunashauri usipunguze saa moja na nusu.

Alasiri ni ya vichochoro, na hapa hatuandiki saa kwa saa. Muongozaji mwenyeji atakuonyesha tofauti kati ya milango yenye kizingiti kilichonyooka na ile yenye tao inayoonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi, kisha atakuketisha Jaws Corner, ambako wazee hunywa kahawa chungu na kubishana siasa na mpira. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa, iko wazi kwa wageni. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ya mwaka 1883, iliyo jirani yake, hatuiweki kwenye ratiba kama mahali pa kuingia, kwa kuwa sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jioni ni Forodhani: urojo, pweza, mishkaki na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla sahani haijajazwa. Asubuhi ya Jumapili hutosha kutembea Mizingani, kuitazama zahanati ya kale yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, kisha gatini.

Mizigo iwe midogo, kwa sababu magari hayaingii katika sehemu kubwa ya mji na begi la magurudumu halipendezi kwenye mawe. Mavazi yawe ya staha, mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Joto la huko si hili letu kavu. Lina unyevu, na mtu aliyezoea jioni za Dodoma hushangaa kuona usiku haupoi. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana na kula hadharani ni kukosa adabu, ingawa Forodhani baada ya futari huchangamka sana. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, tunaishauri kwa wale tu wasioogopa kulowa. Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, vyumba hujaa mapema.

Ofisi yetu hukata tiketi za treni na boti kwa pamoja, hupanga malazi ya Dar es Salaam na Zanzibar, na humtafuta muongozaji mwenye kibali. Tunachohitaji kwako ni majina matatu kama yalivyoandikwa kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya kitambulisho hicho, na kwa watoto cheti cha kuzaliwa. Mtanzania hahitaji pasipoti kuingia Zanzibar, lakini mgeni wa nje unayesafiri naye atahitaji pasipoti pamoja na bima ya lazima ya Zanzibar inayotolewa tangu Oktoba 2024. Kwa wikendi ndefu, kama za Mapinduzi na Muungano, tuletee taarifa hizo wiki tatu kabla, maana siti za treni ya Ijumaa jioni ndizo zinazokwisha mwanzo.