Mwanangu, jina kwanza

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, joto tu, na maji ya mfereji siku hizi yanakuja usiku wa manane kwa hiyo kulala hatulali. Nimesikia kwa dadako kwamba ushaamua, hiyo pikipiki ya marehemu babu, BSA Bantam, utakuja kuichukua kwa fundi mwisho wa mwezi uipeleke Mombasa, na mwezi wa tisa upande nayo Nairobi ukaionyeshe kwenye Concours, yale maonyesho ya magari na pikipiki, pale Ngong Racecourse. Wewe hukunambia, nimeambiwa niko juu ya mbuzi nakuna nazi. Sawa. Kuionyesha sikukatazi, na nikuambie kweli, nilipoiona juzi ile kijani yake imerudi moyo ulinijaa, hata mjomba wako wa Mambrui ambaye hajawahi kumsifu mtu aliizunguka akanyamaza. Lakini pikipiki isitoke Malindi kabla jina kwenye logbuku, ile kadi ya umiliki, halijabadilishwa. Hilo tu ndilo nililokaa kuandika, mengine yote nitajikuta nimeyasema.

Najua utanambia mama bima nshakata. Nimeiona, umenitumia picha unajisifu. Hiyo ni thadi pati. Inamlipa yule utakayemgonga, na ni ya lazima kisheria, trafiki akikusimamisha Kilifi au Mtwapa ataridhika akuache uende, lakini ukiibiwa hupati hata senti. Tena umeikata kwa jina lako na pikipiki ni ya marehemu! Kampuni itapokea pesa yako leo bila swali, siku unayodai ndio wote wanageuka mawakili. Logbuku ya nani? Ya marehemu. Wewe nani kwake? Mjukuu. Basi, kwaheri. Bima hailipi mtu kwa mali ambayo kisheria hana lake hapo, hata kama ndiye aliyeipaka rangi na kukesha nayo.

Na usinikasirikie kwa hili: hiyo pikipiki si yako bado, na si yangu. Babu aliacha watoto watatu, wanaume wawili na mimi, hesabu ya mirathi waijua, mafungu 5, wajomba zako 2 na 2, mimi 1. Kwa hiyo niliposema "chukua mwanangu" nilikupa taa na gurudumu la mbele. Mjomba kasema kwa mdomo hana neno na mimi namwamini, ni ndugu yangu tumbo moja, lakini wanawe wakubwa wameanza kuuliza ati hizi pikipiki za kizamani Wazungu wananunua bei gani. Maneno ya mdomo hayafiki mbali. Twende kwa Kadhi hapa hapa Malindi, warithi waandikwe, msimamizi wa mirathi ajulikane, wajomba waweke sahihi kwamba wamekuachia, na karatasi hizo ndio zinaenda NTSA, wale wanaosajili magari, kwenye eCitizen, mtandao wa serikali, jina libadilike. Enzi za babu mambo haya yalikuwa KRA, kwa watu wa kodi, faili ni la zamani, usifikirie ni kazi ya siku moja halafu uanze kunipigia simu umekasirika. Na ile logbuku yenyewe hali yake unaijua, mchwa walianza pembeni, kabati nilisema litiwe dawa hakuna aliyesikia, funguo ndio nilikuwa nazo mimi lakini hayo tuyaache. Hata kuomba nakala mpya anaomba mwenye jina au msimamizi wake, si wewe.

Jina likishatoka usirudi kwa yule kijana wa bima anayemaliza kila kitu kwa simu. Nenda ofisini mwenyewe, ukate komprehensivu, ile inayolipa na wizi, na ikiwa ya takaful, bima ya Kiislamu, mimi moyo utatulia zaidi. Waambie unataka thamani mliyokubaliana iandikwe kwenye mkataba kabisa, si bei ya soko. Bei ya soko manake imeshaibiwa ndio wanakaa kukadiria, wataona 125 sisi, wataona umri, watakupa hela ya Boxer ya boda iliyochoka. Nani pale ofisini anajua kwamba Bantam zilikoma kutengenezwa 1971 na kiwanda chao kule Birmingham kilishafungwa, huendi dukani ukaleta nyingine? Kwa hiyo fanya valuesheni, ikadiriwe thamani, AA, kile chama cha wenye magari, wanafanya, piga picha kila upande, weka risiti zote. Fundi wetu haandiki risiti, najua, mkalishe chini aandike, kalamu nitatoa mimi. Na uulize ikigongwa ikahesabiwa imekufa chuma kinabaki kwa nani, manake wakishakulipa wanachukua mabaki, na kwa kitu kama hicho mabaki ndio mali yenyewe, mtu mwenye mkono kama wako ataifufua.

Usimbebe mtu kwa nauli, hata rafiki, hata hamsini. Bima ya binafsi si ya boda, wakisikia tu ulipokea nauli wamepata sababu, na leseni yako ni A2, boda ni A3. Na kama utaipakia kwenye lori kwenda Nairobi uliza kwanza mwenye lori ana bima ya mizigo au ana maneno matamu. Mimi nataka lori. Kilomita karibu 480 kutoka Mombasa katikati ya matrela na kipikipiki kile, hapana, sitalala.

Wizi wa hiyo hauhitaji ufundi, ndio kinachonitia hofu. Haina ufunguo, magneto inajitengenezea moto wake, mtu anapiga kiki anapotea, na ikikataa kuwaka vijana wawili wanaibeba tu, kilo kama 70. Mnyororo upitishe kwenye fremu uufunge kwa kitu kisichong'oka, si kwenye tairi, tairi linafunguliwa kwa spana. Zile treka za boda, za kuonyesha pikipiki iko wapi, nyingi zinataka volti 12 na BSA ni 6, tafuta yenye betri yake yenyewe uifiche chini ya siti. Na wala mwizi hatajua ni kitu cha thamani, ataikatakata aiuze chuma chakavu kwa kilo. Hapo ndipo naumia, babu aendeshe maisha yake yote halafu iishie kwenye mzani.

Halafu kuna hili la polisi. Juzi nilikwenda kwa fundi na tochi ya simu. Namba ya chesisi pale shingoni chini ya usukani imejaa rangi na ile puti ya kuzibia mashimo, tarakimu mbili hazisomeki kabisa, nikakwangua kwa sarafu ya kumi ikatokea nusu ya 8, fundi akanuna ati namharibia kazi. Mwambie aisafishe yote. Askari akiona namba imezibwa hatasema huyu amepaka rangi vizuri, atasema huyu ameiba, na hapo logbuku ina jina la mtu aliyekufa. Ya injini pia iangaliwe, mjomba anasema babu aliwahi kubadilisha injini, ikiwa ni kweli ile mpya iandikwe NTSA, isiwe pikipiki inasema hivi na karatasi inasema vile.

Yadi za vituo umeziona. Pikipiki zimelaliana, siti zimeng'olewa, majani yamepenya kwenye spoki, na kwa hewa hii yetu ya chumvi rimu inakwisha ukiiangalia. Mtoto wa jirani, pikipiki yake imo humo tangu kabla ya Ramadhani kwa sababu logbuku ina jina la aliyemuuzia na huyo kahamia Garsen simu haishiki. Zisizodaiwa zinatangazwa halafu mnada. Mwenye jina lake anaingia anatoa karatasi anatoka na chombo chake. Unanielewa kwa nini narudia?

Na ukishaipata kwa jina lako usimpe mtu dhamana ya mkopo, Mombasa hizo ofisi ziko kila kona, najua zinakupigia mluzi. Friji yetu ya kwanza unakumbuka ilitokaje hapa nyumbani, na babako alisema ni mwezi mmoja tu.

Umefanya kazi nzuri mwanangu, hilo nalisema hata kama hupigi simu. Dadako ana mtihani na karo bado salio, nimemwambia mwalimu mwisho wa mwezi, usinifanye mwongo. Makuti ya jikoni yanavuja upande wa tangi, fundi anataka makuti mapya na kamba, nimemwambia asubiri uje. Nimekuwekea papa mkavu na achari ya embe, usiseme Mombasa zipo, hazifanani.

Njoo Jumatatu si Ijumaa, tuwahi kwa Kadhi asubuhi, wajomba nshawaambia. Lete kopi ya kitambulisho na pini yako ya KRA. Cheti cha kifo cha babu ninacho, kiko kwenye kopo la Nido juu ya kabati. Na ukipita Gede nunua mkaa, gesi imeisha.

Mamako